Jiwe Lililoomba Maji

Jacktone ndiye aliyegundua kwamba nguzo ya nne haisemi. Alikuwa amefika timboni asubuhi ya Jumatano kutoka Changamwe, begi la vifaa mgongoni, kuja kukagua mitambo kabla ya ufunguzi wa Jumamosi. Alizipita nguzo moja moja kama atakavyozipita mgeni, akisimama mbele ya kila moja na kungoja. Ya kwanza iliwaka kutoka chini na kutoa mlio wa msumeno wa mawe. Ya pili ikatoa vishindo vya mtaimbo. Ya tatu ikatoa ngurumo ya lori linalorudi nyuma na mtu akiliongoza kwa mluzi. Ya nne haikuwaka wala haikutoa kitu.

"Msanii!" aliita. "Njoo huku. Charo amegoma."

Kafedha Ziro alikuwa juu ukingoni, anafunga turubai la kivuli. Alishuka polepole kwa vidato vilivyochongwa ukutani, akaja akasimama mbele ya nguzo, akarudi nyuma, akasogea tena. Kimya.

"Betri?"

"Betri iko sawa. Hizi nyingine zote zinakula betri hiyo hiyo."

Timbo hilo liko Mwakirunge, upande wa Kisauni. Mawe ya kujengea yamekatwa hapo miaka mingi hadi ardhi ikabaki shimo pana lenye kuta zilizonyooka, kama chumba kisicho na paa. Mawe mazuri yalipokwisha, wakataji walihamia shimo jingine mbele kidogo, na hili likaachiwa mbuzi na magugu. Kafedha, ambaye alijifunza uchongaji kwa kuandika majina kwenye mawe ya makaburi, aliomba ruhusa ya kulitumia. Alisimamisha humo nguzo saba za jiwe la matumbawe, kila moja ndefu kumzidi mtu. Alizitoboa kwa ndani, akazichana mbavuni nyufa nyembamba za kupitishia mwanga. Ndani ya kila nguzo kulikuwa na taa na spika, na kwenye mguu wake kijisanduku cha waya chenye kifaa kinachohisi mtu akisogea. Mtu akikaribia, nguzo huwaka na kutoa sauti ambayo Kafedha aliirekodi mle mle timboni wakati kazi ilikuwa bado inaendelea.

Sauti sita zilikuwa za vyombo na mashine. Ya nne peke yake ndiyo iliyokuwa na maneno. Charo, mmoja wa wakataji, alisikika akihema, akiweka chini kitu kizito, kisha akisema, "Maji, jamani. Leteni maji, koo limekauka." Hapo Kafedha alikuwa amekata. Alijaribu kuimalizia kwa njia nyingine, lakini kila mara alirudi hapo hapo, kwa sababu mtu akiisikia ile sauti ikiachwa hewani, husimama. Lavender, afisa wa mfuko mmoja wa sanaa wa Nairobi, alikuwa anakuja Jumamosi kuamua kama kazi hiyo ipelekwe kwenye maonyesho yao. Alikuwa ametumiwa kipande hicho kwa simu, na akajibu kwamba hicho ndicho kinachomleta.

Charo mwenyewe hakuwepo tena. Alifariki miezi michache baada ya kurekodiwa. Kafedha alikwenda kwao, akaketi na mamake, Nyamvula, akaomba idhini ya kuitumia sauti. Nyamvula alikubali. "Heri asikike," alisema. Hakuuliza mwanawe anasema nini, na Kafedha hakuona haja ya kumwambia.

Jacktone alipiga magoti, akafungua kijisanduku cha waya. Maji yalimchuruzikia mkononi.

"Jana kulinyesha huku?"

"Hapana."

Alinusa vidole. "Maze. Hii ni mnazi. Kuna mtu amenunulia jiwe pombe."

"Acha mzaha."

"Nusa mwenyewe. Nyinyi watu wa pwani ni wakarimu, lakini hapa mmezidi."

Kafedha alinusa. Ilikuwa tembo kweli, ile pombe ya mnazi, iliyochanganyika na maji mengi. Aliweka kiganja juu ya jiwe. Matumbawe hunywa upesi; ukimwaga maji juu yake hayasimami, huzama kama kwenye mchanga. Mguu wa nguzo ulikuwa baridi. Chini kulikuwa na unga mweupe kidogo, na sisimizi wameshaanza kuubeba.

Aliuangalia ule unga. Bibi yake alikuwa akifanya vivyo hivyo mbele ya koma, vile vigingi vya mti vinavyosimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuja ndotoni kulalamika kwamba ana njaa, au baridi, au amesahauliwa. Hupewa maji, unga na tembo, huongeleshwa taratibu, naye hutulia.

"Nani angefanya hivi?" Jacktone aliuliza.

Hakungoja sana jibu. Nyamvula alikuwa anateremka vidato, kamba ya mbuzi mkono mmoja na jagi la plastiki mkono wa pili. Nyuma yake alikuja Baya, mgema, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba," Kafedha aliwaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mmeamka?"

"Tumeamka salama. Mama, hapa jana kulipita mtu..."

"Ni mimi," Nyamvula alisema. "Jana jioni nilikuja kumfuata mbuzi. Nikapita hapa. Akaniomba maji."

Jacktone aliweka bisibisi chini.

"Nikarudi nyumbani nikachota. Nikamwagia. Akaniomba tena. Nikamwagia jagi zima, na jiwe likanywa lote, hata tone halikubaki juu. Akaniomba tena. Ndipo nikamwita shemeji, akaja na tembo yake kidogo, na unga. Hapo akatulia."

"Akatulia," Baya alithibitisha. "Nilikuwepo. Taa ilififia polepole kama mtu anayeshikwa na usingizi."

"Mzee, zile ni waya," Jacktone alisema kwa adabu. "Zililowa, zikaungua."

"Ziliungua kabla hajanywa au baada?"

"Baada."

"Basi," alisema Baya.

Kafedha aliwaketisha kwenye mawe yaliyokuwa kivulini. Alianza kueleza, kwa uangalifu, jinsi sauti inavyohifadhiwa na jinsi kile kifaa kinavyohisi mtu. Nyamvula alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nina simu. Mchungaji wetu hututumia mahubiri yake humo, nayasikiliza nikipika. Sikudhani kwamba mchungaji yumo ndani ya simu. Na sikudhani kwamba Charo yumo humu."

"Sasa maji ulimpa kwa nini?"

"Kwa sababu aliomba."

Mbuzi alilia, naye akamvuta karibu.

"Sikukueleza alivyokufa," aliendelea. "Tumbo lilimshika ghafla. Tulimpeleka hospitali, wakasema ni lazima apasuliwe, na kabla ya kupasuliwa asitie kitu mdomoni. Hata maji. Mimi ndiye niliyekaa naye. Usiku kucha ananiomba maji. Ananiambia, mama, tone tu. Nami namwambia ngoja, daktari amekataza, ukitoka utakunywa mtungi mzima. Walisema kweli wale madaktari, ndivyo ilivyo, nimeulizia kwa watu wengine. Wakamwingiza asubuhi. Hakutoka."

Baya alikuwa anachora chini kwa kijiti.

"Sasa jana nikamsikia hapa," Nyamvula alisema. "Maneno ni yale yale. Na safari hii hakuna daktari."

"Samahani, mama," Kafedha alisema. "Sikujua."

"Ungejuaje? Nami sikukuuliza umechukua maneno gani." Alikitazama kijisanduku kilichofunguliwa. "Nataka kukuuliza jambo moja tu. Siku ile ulipomrekodi, alipewa?"

Siku ile Kafedha alikuwa ameweka kinasa sauti juu ya tofali la jiwe, akaenda upande wa pili kuipiga picha mashine. Baadaye, alipokuwa akisikiliza, alichukua sehemu aliyoitaka na kuyaacha mengine yote.

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijui kwa kweli. Nitatafuta."

"Tafuta," alisema Nyamvula, si kwa ukali. Alisimama. "Huyu fundi akishaitengeneza, itasema tena?"

"Itasema leo leo," Jacktone alijibu.

"Basi nitakuja tena na maji. Siwatishi. Nawaambia tu nitakavyofanya. Mbuzi wangu hulala kule, na njia yangu ni hii."

Walipokwisha kupanda, Baya alirudi hatua chache na kumwambia Kafedha kwa sauti ya chini kwamba kuna neno jingine. Yeye mwenyewe hajaamua kama lile ni koma au si koma. Koma ni ya mti, na huwekwa na wenyewe. Hili ni la jiwe na limewekwa na mtu baki. Lakini limeshamwagiwa, na kitu kilichomwagiwa hakihamishwi. Alitaka Kafedha alijue hilo mapema.

"Na kama nitaalikwa Nairobi nazo?"

"Sijui mambo ya Nairobi," Baya alisema. "Nimekwambia ya hapa."

Jacktone alipendekeza njia kadhaa. Wangeweza kuzungushia kijisanduku nailoni ili maji yasiingie. Wangeweza kuiwasha nguzo ya nne siku ya Jumamosi peke yake, Nyamvula akiombwa apite njia nyingine. Wangeweza kutia mlio wa mashine nyingine badala ya maneno. Kafedha alizisikiliza zote. Hakuna iliyokuwa mbaya, alisema, ila hakuna iliyojibu swali la mama.

Kesho yake alikwenda Changamwe. Jacktone alikuwa akikodisha spika na taa kwa harusi na mikutano ya injili, na duka lake lilikuwa limejaa masanduku meusi mpaka mlangoni. Rekodi zote za timbo zilikuwa kwenye kompyuta yake. Kazi ilikuwa ndefu kuliko walivyotarajia, kwa sababu Kafedha aliviita vipande vyake kwa majina aliyoyaelewa wakati ule: "vumbi", "kubwa", "ile ya kule". Walifungua faili moja baada ya nyingine, wakasikiliza misumeno mpaka masikio yakachoka.

"Nikuulize," Jacktone alisema, akimpa chai. "Tukikuta hakupewa?"

"Tutamwambia."

"Utamwambia mama wa mtu hivyo?"

"Ameuliza."

"Unaweza tu kusema hukupata. Si uongo mkubwa."

Kafedha alikunywa chai. "Akija na jagi kila jioni," alisema, "nitakuwa nikimtazama na huo uongo usio mkubwa."

Waliipata alasiri, ndani ya faili lililoitwa "upepo". Kwanza mhemo, kisha kitu kizito kikiwekwa chini. *Maji, jamani. Leteni maji, koo limekauka.* Baada ya hapo, sehemu ambayo Kafedha alikuwa ameitupa, msumeno uliwaka na kufunika kila kitu. Jacktone alipunguza mlio wa msumeno kadiri alivyoweza, akiinamia kompyuta, mkono mmoja hewani kama anamwambia mtu asiongee. Msumeno ulilia, ukalia. Kisha ulizimwa. Kikasikika kishindo cha ndala kwenye kokoto, na kifuniko cha mtungi wa plastiki kikifunguliwa.

Halafu kugugumia. Mtu anakunywa, ananyamaza, anatema.

"Aa! Haya mbona yana chumvi? Nani kachota kisima cha shule tena?"

Sauti nyingine, ya mbali kidogo: "Kunywa, bwana. Kwani wewe ni mtalii? Ulitaka ya chupa?"

"Nitakunywa. Lakini mjue nimelalamika."

Watu walicheka. Akagugumia tena, safari hii kwa muda mrefu, akacheua. "Haya. Twende kazi." Kisha mluzi, na mluzi ukaenda ukififia.

Jacktone aliegemea nyuma ya kiti. "Huyu jamaa," alisema. "Kumbe tulimkata akiwa bado na maneno."

Asubuhi ya Ijumaa walimpelekea Nyamvula rekodi hiyo kwake, pamoja na spika ndogo ya mkononi. Baya alikuwepo. Nyamvula alizima redio, akafunga leso vizuri, akakaa kama mtu aliyeitwa barazani. Kafedha alimwambia kabla ya kuwasha, ili asikae na wasiwasi: "Alipewa, mama."

Sauti ikatoka. Ilipofika kwenye mtungi, Nyamvula aliinua kidole. "Huyo aliyemletea ni Tinga, mtoto wa jirani. Nazijua ndala zake, hainui miguu." Ilipofika kwenye chumvi, alipiga paja. "Ndiye! Ndiye huyo. Hata chai yangu hakuwahi kuinywa bila kuitia ila. Mara sukari ndogo, mara moshi umeingia. Shemeji, unamsikia?"

"Namsikia. Hata tembo yangu alikuwa akiisema."

"Tembo yako ilistahili kusemwa."

Aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya tatu hakucheka. Alifunika mdomo kwa pembe ya leso na kubaki hivyo mpaka mluzi ukaisha. Baya alitazama mlangoni.

"Jumamosi nitaiweka yote," Kafedha alisema. "Kuanzia mhemo hadi mluzi."

"Na huyo mgeni wako wa Nairobi, anaipenda hivyo?"

"Aliipenda ile fupi."

"Ile fupi ilikuwa ya uongo?"

Kafedha alifikiri. "Haikuwa ya uongo. Ilikuwa haijaisha."

Siku ya ufunguzi watu walikuja wengi kuliko viti. Wakataji wa shimo la pili walikuja wamevaa mashati ya kupigwa pasi, wakapita mbele ya nguzo za misumeno wakibishana ni mashine ya nani inayolia. Wanafunzi walikuja, na kikundi cha kanisa cha Nyamvula, na watu kadhaa wa mjini waliofunika pua kwa sababu upepo ulikuwa unatoka kwenye jaa la taka la jirani. Jua lilipozama, mwanga wa nyufa ulianza kuonekana vizuri, ukipanda ndani ya mawe kama maji kwenye chupa, na kuta za timbo zikarudisha kila sauti.

Mbele ya nguzo ya nne watu walisimama, kama Kafedha alivyojua watasimama. *Leteni maji, koo limekauka.* Msumeno ukawafunika. Wengine walianza kuondoka hapo, wakidhani imekwisha. Walirudishwa na kile kifuniko cha mtungi. Kwenye chumvi wakataji waliangua kicheko, na Tinga, aliyekuwa miongoni mwao, akasukumwa mbele. "Mlete maji baridi leo, we muuaji!" mtu alipiga kelele. Tinga alijitetea kwamba kisima cha shule ndicho kilichokuwa karibu.

Lavender alisikiliza mara kadhaa, mikono nyuma. Alikuwa mtu mpole, aliyeuliza kabla ya kusema. Baadaye alimvuta Kafedha pembeni.

"Umeibadilisha."

"Nimeimalizia."

"Sikuchambui kwa ubaya. Kazi ni nzuri. Ila ile ya mwanzo, inayoishia pale pale kwenye maji, ilininyima usingizi."

"Ilimnyima na mamake," Kafedha alisema, akamwonyesha Nyamvula, aliyekuwa amesimama na wanakwaya wenzake, bila jagi.

Akamweleza, kwa maneno machache. Lavender aliitazama nguzo ikiwaka kwa ajili ya watu wengine.

"Nimekuelewa," alisema mwisho. "Bado nadhani ile fupi ina nguvu zaidi. Nitawaambia wenzangu yote mawili."

"Waambie. Nami nitakwambia langu. Ikija Nairobi, itakuja nzima. La sivyo, haina haja ya kuja."

Jibu lilikuja baadaye kwa simu. Waliitaka, nzima, ingawa Lavender hakuficha kwamba haikupita kwa kura nyingi. Kafedha alipanda kwa Nyamvula siku hiyo hiyo kumuuliza kuhusu jiwe, maana maneno ya Baya hayakuwa yamemtoka.

Baya alishikilia yake: koma ni ya mti, lakini hili limemwagiwa, halitoki. Nyamvula alimwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha akamwambia Kafedha, "Sauti nenda nayo. Usiikate tena. Jiwe liache, umkatie jingine. Mawe si yamejaa huko?"

Kafedha alikata nguzo nyingine kwenye shimo la pili, akisaidiwa na Tinga. Haikutoka sawa na ile ya kwanza. Jiwe la huku lina kombe nyingi zaidi za baharini, na nyufa alizozichana zilikaa zimepinda kidogo. Aliipima, akaiacha hivyo.

Siku lori lilipokuja, Jacktone aliingiza mkono ndani ya nguzo ya nne, akatoa taa, akatoa spika, akavuta waya wote. Nguzo sita zilifungwa magunia na kupakiwa, na ile mpya juu yake. Ya nne ilibaki peke yake katikati ya timbo, nyeupe, ina matundu.

Nyamvula alikuja akiongoza mbuzi wake. Alisimama mbele ya jiwe, akangoja kidogo, kama mtu anayehakikisha. Halikuwaka. Akalizungushia kamba ya mbuzi, akakaza fundo.

"Nyamvula!" Baya aliita kutoka juu ukingoni. "Umeona wapi mbuzi akafungwa kwenye koma?"

"Wewe ndiye uliyesema koma ni mti."

"Nilisema pia kwamba limeshamwagiwa!"

"Ameshakunywa," Nyamvula alisema. "Na mbuzi hawa Charo ndiye aliyekuwa akinichungia tangu ana meno ya utoto. Acha amshike."

Alivuta kamba kwa nguvu kuijaribu. Jiwe halikutikisika. Akamwachia mbuzi majani, akaenda kuwaaga wenye lori.